GUNDI IMARA NI IPI?

Maneno yaliyosemwa na fundi mmoja mbele ya wanachama wa kazi za mbao na ujenzi wa nyumba. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Nimeombwa niseme machache juu ya gundi ya ujenzi, yaani ile tunayobandikia skatingi chini ya ukuta, mbao za kuzunguka fremu ya mlango, na konisi za dari. Huenda wengine wenu mwashangaa kuona mkutano wa chama unaacha habari za mishahara na kuingia katika habari za gundi. Nitawaonyesha kwamba habari hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja.

Skatingi ikibanduka baada ya miezi miwili, hakuna mtu anayekwenda kumwuliza mwenye kiwanda cha gundi. Hata mwenye duka haulizwi. Anayeulizwa ni fundi. Huitwa arudi kuitengeneza kazi bila malipo, tena kwa nauli yake mwenyewe, au akatwe katika zile pesa chache zilizobaki. Na mara nyingi gundi hiyo hakuichagua yeye. Ililetwa na kontrakta, iliyo rahisi kuliko zote dukani, naye fundi akaambiwa, "Weka."

Basi yatupasa tujue mambo mawili. La kwanza, gundi gani yafaa kazi gani, na kwa sababu gani. La pili, nani ameichagua. Fundi anayejua la kwanza anaweza kusimama imara katika la pili.

KILA GUNDI NA KAZI YAKE

Jambo hili si geni kwetu. Utomvu wa mgunga, ambao ndio gundi ya asili, huvunwa mpaka leo huko Turkana, Samburu, Marsabit na Garissa. Maseremala wa zamani walichemsha sherizi iliyotokana na ngozi na kwato za ng'ombe. Mafundi wa majahazi kule Pwani walipaka deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa, ili chombo kisiingie maji wala kisiliwe na wadudu. Lakini hakuna seremala aliyepaka deheni kwenye kiti cha sebuleni, wala fundi wa jahazi aliyetia sherizi chini ya maji, kwa maana sherizi huyeyuka ikilowa. Wazee wale walijua kwamba kuuliza "gundi ipi ina nguvu?" peke yake ni swali la nusu. Swali kamili ni hili: ina nguvu juu ya kitu gani, na mahali gani?

HESABU YA UZITO

Twendeni kwa hesabu. Chukua ubao wa msaipresi wa urefu wa mita 3, upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 2. Ukiwa mkavu, uzito wake ni kama kilo 3. Sasa piga mstari mmoja wa gundi nyuma yake toka mwisho hadi mwisho, kisha ubane ukutani mpaka mstari utandazike kwa upana wa sentimita moja na nusu. Eneo lililoshikwa ni sentimita mraba 450. Tuseme gundi yenyewe ni hafifu, ikikauka yashika kilo 10 tu kwa kila sentimita mraba. Zidisha: ni kilo 4,500. Tani nne na nusu kuushika ubao wa kilo 3!

Basi kwa nini zinabanduka? Kwa sababu gundi yenyewe hukatika mara chache sana. Kinachoachia ni kile kitu ilichokishikilia. Gundi imeshika vumbi, na vumbi halikushika ukuta. Imeshika rangi, na rangi ilikuwa tayari yameguka. Imeshika chumvi iliyotoka katika ukuta wenye maji. Au ubao ulikuwa mbichi, ukakauka ukiwa ukutani, ukajikunja na kuvuta ncha zake. Ndiyo sababu nasema usidanganywe na maneno makubwa yaliyoandikwa juu ya tyubu, kwamba yashika kilo mia ngapi. Hizo kilo zilipimwa juu ya kitu safi na kikavu. Ukuta wako ndio wenye neno la mwisho.

UKUTA KWANZA, GUNDI BAADAYE

Kabla ya kwenda dukani, kagua ukuta kwa njia hizi:

1. Vumbi. Pitisha kiganja chako. Kikitoka cheupe, piga brashi, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uache ukauke. Plasta inayotoka unga haifai kubandikwa kitu mpaka itiwe dawa ya kuiimarisha au ipigwe upya.

2. Rangi. Chora misalaba midogo kwa kisu kikali, bandika utepe wa gundi juu yake, uukandamize vizuri, kisha uuvute ghafula. Ukitoka na vipande vya rangi, jua rangi hiyo haitashika skatingi yako. Ikwangue mpaka plasta ionekane mahali pale pa kupitishia gundi.

3. Maji. Plasta mpya ya simiti yahitaji kama wiki nne kabla ya kubandikwa mbao. Ukiwa na shaka, kata karatasi ya nailoni kama nusu mita kwa nusu mita, izibe pande zote nne kwa utepe juu ya ukuta, uiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone ndani, au ukuta umegeuka rangi, usibandike. Tafuta maji yanatoka wapi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna gundi itakayoziba bomba linalovuja.

4. Unyofu. Weka ubao mrefu ulionyooka juu ya ukuta. Pengo la milimita chache gundi nzito yaweza kulijaza. Pengo la sentimita nzima ni kazi ya fundi wa plasta. Ukilijaza kwa gundi utatumia tyubu nyingi, itachukua siku nyingi kukauka, na pesa itakuwa imekwisha.

Na ubao nao ukaguliwe. Mbao nyingi za msaipresi huuzwa zikiwa bado na maji. Nunua zilizokauka, uzilaze ndani ya chumba chenyewe siku kadhaa kabla ya kuzipiga. Ubao husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na uliopinda sana haufai kulazimishwa kwa gundi peke yake.

AINA ZA GUNDI NA TABIA ZAKE

Gundi nyeupe ya mbao. Hii ni ile ya maziwa ambayo kila seremala anayo. Asili yake ni ugunduzi uliofanywa Ujerumani mwaka 1912. Ni nzuri sana kwa mbao juu ya mbao, kama vile pembe za skatingi zinapokutana. Hukauka kwa maji yake kunywewa na mbao, kwa hiyo lazima kitu kimoja angalau kiwe chenye kunywa maji. Yataka kubanwa mpaka ishike, wala haijazi mapengo. Iliyo ya kawaida hulegea ikilowa. Kama mahali ni penye unyevu, tafuta iliyoandikwa D3 au D4, ambazo ni daraja za kuvumilia maji.

Gundi ya njano ya kupaka pande mbili. Ni ile ya viatu na ya fomaika. Hupakwa pande zote mbili, huachwa ikauke kidogo, kisha pande hukutanishwa na kushikana papo hapo. Haikupi nafasi ya kusogeza ubao, wala haijazi mabonde ya ukuta. Kwa skatingi juu ya plasta haifai, ijapokuwa wengi huitumia kwa kuwa ndiyo waliyo nayo mkononi.

Silikoni. Kazi yake ni kuziba maji kando ya sinki na bafu. Ile yenye harufu ya siki haipatani na simiti wala plasta, tena hutia kutu vyuma. Rangi haishiki juu ya silikoni ya kawaida. Ukiona mtu anabandika skatingi kwa silikoni, ujue mpaka rangi atakuja kulalamika kesho.

Gundi ya ujenzi ya maji. Huja katika tyubu ya kukamuliwa kwa bunduki. Bei yake ni nafuu, harufu yake ni kidogo, na husafishwa kwa maji kabla haijakauka. Yafaa chumba kikavu, ubao wa mbao au MDF, na ukuta wa plasta unaokunywa maji. Haifai vitu viwili visivyokunywa maji, kama PVC juu ya vigae, kwa sababu maji yake hayana pa kutokea na yaweza kukaa majuma bila kukauka. Hupungua kidogo ikikauka.

Gundi ya ujenzi yenye dawa kali. Hii ndiyo wengi huiita gundi ya kuondoa misumari. Hushika upesi, yafaa mbao na plasta, lakini mvuke wake ni mbaya na hushika moto. Jambo lingine la kukumbuka: huyeyusha povu jeupe lile la konisi za bei rahisi. Utabandika konisi asubuhi, na jioni utakuta mashimo.

Poliyurethani. Kemia yake ilianzishwa na Otto Bayer huko Ujerumani mwaka 1937. Gundi hii ya tyubu hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa. Ni imara sana, huvumilia maji, hushika mbao, simiti, mawe na vyuma vingi. Lakini ina kemikali zinazoitwa isosianeti, ambazo nitazieleza mbele, na ikiganda juu ya ngozi haitoki ila kwa siku.

Gundi ya polima ya mchanganyiko. Wajapani ndio waliotoa aina hii mwishoni mwa miaka ya 1970. Nayo hukauka kwa unyevu wa hewa. Haina isosianeti, harufu yake ni kidogo, hushika hata juu ya vigae na rangi ngumu iliyo safi, hupakwa rangi juu yake, na hubaki na unyumbufu, yaani ubao ukitanuka au kusinyaa gundi hufuata. Ubaya wake ni bei.

Gundi ya vikopo viwili, yaani epoksi, nayo ina nguvu nyingi, ila ni ghali, hukauka upesi ndani ya kopo, na haina unyumbufu. Iacheni kwa vyuma na matengenezo madogo.

JINSI YA KUCHAGUA

Kwa kifupi, ndugu zangu, fuateni njia hii:

- Chumba kikavu, plasta safi, ubao wa mbao: gundi ya ujenzi ya maji yatosha, pamoja na misumari michache ya kushikilia. Hakuna haja ya kumtia mwenye nyumba gharama bure.

- Ukuta wenye rangi ngumu ya mafuta au vigae, au skatingi ya PVC: tumia polima.

- Jikoni, bafuni, na nyumba za Pwani zenye unyevu: polima au poliyurethani, na ubao usiwe MDF ya kawaida. Nyumba zetu hupigwa deki kwa maji mengi, na MDF ikinywa maji kwa chini huvimba kama mkate. Gundi itabaki imeshika, ubao wenyewe ndio utakaoharibika. Acha nafasi ndogo kati ya ubao na sakafu, uizibe kwa kitu kisichopitisha maji.

- Konisi za povu: gundi ambayo mkebe wake wasema waziwazi kwamba yafaa povu hilo.

- Pembe za mbao: gundi nyeupe.

Halafu soma tyubu yenyewe. Tazama tarehe ya mwisho. Ibonyeze: ikiwa ngumu, hewa imekwisha kuingia. Tazama alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Tazama pia muda wa kukaa wazi, yaani dakika unazopewa kabla gundi haijafanya utando juu. Utando ukishatokea, ubao hautashika ijapokuwa utaubana kwa nguvu zako zote.

HESABU YA KUNUNUA

Tyubu ya kawaida huwa na mililita 300 au karibu na hapo. Ukikamua mstari wa unene wa milimita 6, kama penseli, tyubu moja hutoa mita 10 na nusu. Chumba cha mita 3 kwa mita 4 kina mzunguko wa mita 14. Ondoa mlango wa sentimita 90, zimebaki mita 13 na sentimita 10. Kwa mstari mmoja zatakiwa tyubu mbili, na kwa mistari miwili zatakiwa tatu. Kontrakta akikupa tyubu moja kwa chumba hicho, mwonyeshe hesabu hii kabla hujaanza. Kunyunyiza matone hapa na pale ili gundi ifike mwisho ndiko kunakoleta aibu.

Kwa gundi zile zinazokausha kwa hewa, usizungushe mstari kama fremu iliyofungwa, kwa maana hewa haitapita ndani. Piga mistari mifupi ya kusimama, yenye nafasi katikati. Gundi hizo hukauka kama milimita 2 au 3 kwa siku toka ukingoni kwenda ndani. Kwa hiyo kushika ni jambo moja, na kukauka ni jambo lingine. Ubao waweza kuonekana umeshika baada ya dakika kumi, na bado utahitaji siku kadhaa kuwa na nguvu zake zote. Uegemeze au uupige misumari myembamba, wala usimruhusu mtu kusukuma kabati juu yake siku ile ile.

AFYA YETU

Ndugu zangu, skatingi ikiharibika yaweza kununuliwa nyingine. Mapafu hayauzwi dukani.

Gundi zenye dawa kali huwa na kemikali kama toluini na hekseni. Mvuke wake hupanda kichwani, na mtu akiuvuta siku kwa siku kwa muda mrefu, toluini hudhuru ubongo, na hekseni hudhuru mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Fungua madirisha yote. Usivute sigara wala kuwasha jiko karibu. Nayo poliyurethani ina isosianeti, ambazo zimejulikana kuwaletea wafanyakazi ugonjwa wa pumu. Mtu akishazoeleka vibaya mwilini, hata kiasi kidogo humrudishia pumu. Vaa glavu, usinawe mikono kwa petroli wala thina, na ukiona kifua kinabana siku za kazi na kupoa siku za mapumziko, mwambie daktari unatumia gundi gani.

Tena, usiache mikebe ya gundi kali nje ya jengo. Sote tumewaona watoto wa mitaani katika miji yetu wakiwa na chupa ya gundi mdomoni. Mkebe uliosahauliwa na fundi usiwe mwanzo wa msiba wa mtoto wa mwenzetu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga mahali penye hatari, nayo yataka kemikali ziwe na maandishi ya kueleza hatari zake. Kwa hiyo kuuliza, "Karatasi ya maelezo ya gundi hii iko wapi?" si ukaidi. Ni sheria.

NANI AMEICHAGUA?

Sasa narudi kwa lile jambo la pili nililolitaja mwanzo. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini jembe bovu mkulima huliona siku ile ile, likiwa bado mkononi mwake. Gundi mbovu huonekana fundi akiwa amekwisha kuondoka, naye hayupo kujitetea.

Kwa mfanyakazi aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, imeweka mipaka ya kukata mshahara. Mwajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali yake iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Tena makato yote pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara. Fundi aliyebandika skatingi kwa gundi aliyopewa, kama alivyoagizwa, ana neno la kujibu anapokatwa. Lakini yule anayechukua kazi kwa mapatano, bei ya jumla, hesabu yake ni nyingine: yeye hushikwa na mapatano yake. Ndiyo maana ni lazima mapatano hayo yaandikwe.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuanza, andika katika daftari jina la gundi, tarehe yake ya mwisho, na nani aliyeileta. Pili, ukiona ukuta una maji au gundi haifai, mwambie foromani mbele ya mwenzako, na umpelekee ujumbe kwa simu ili maneno yabaki. Tatu, skatingi ikibanduka, usikubali itupwe kabla hujaitazama mgongo wake. Mgongo wa ubao ni shahidi asiyesema uongo:

- Ukikuta gundi imebeba rangi au vumbi la ukuta, ukuta haukutayarishwa.
- Ukikuta gundi yote imebaki ukutani, laini kama kioo, ubao ulikuwa mchafu au gundi ilikwisha kufanya utando kabla ya kubandikwa.
- Ukikuta ndani bado ni laini kama siagi, gundi haikupata kukauka, au ilikuwa imepita muda wake.
- Ukikuta gundi imepasuka katikati, nusu huku na nusu kule, ubao ulivutwa au ulisogezwa kabla gundi haijawa tayari.

Utaona kwamba baadhi ya makosa hayo ni yetu sisi mafundi, na baadhi ni ya aliyenunua. Fundi wa haki hukubali lake na kulikataa lisilo lake. Chama hakiwezi kumtetea mtu asiyefagia ukuta. Lakini mtu aliyefanya kazi yake sawasawa, akaandika, akasema mapema, huyo chama kina la kushika mkononi kinapokwenda kumtetea.

MASWALI

Mwanachama mmoja aliuliza: Je, tukiwa na gundi nzuri, misumari ina haja gani?

Jibu: Misumari michache hushikilia ubao wakati gundi inakauka, hasa ubao uliopinda kidogo. Faida ya gundi ni kwamba misumari hupungua, plasta haipasuki ovyo, na hatari ya kutoboa bomba la maji au la waya wa umeme lililofichwa ukutani huwa ndogo. Usipige msumari mahali usipojua kilichomo nyuma.

Mwanachama wa Mombasa aliuliza: Kwetu kuta za matumbawe hutoa unga wa chumvi kila mwaka. Tufanyeje?

Jibu: Chumvi ni dalili ya maji yanayopanda au kuingia. Piga brashi kavu, usioshe kwa maji mengi, kwa kuwa maji huirudisha chumvi ndani. Ikirudi baada ya majuma machache, maji bado yapo. Mahali hapo mwambie mwenye nyumba ukweli, kwamba ubao wa kukazwa kwa skrubu, ambao waweza kufunguliwa na ukuta ukatengenezwa, ni bora kuliko wa gundi.

Mwanachama mwingine aliuliza: Nina watoto, nina kodi ya nyumba. Nikimwambia kontrakta gundi yake haifai, atamwita mwingine kesho. Chama kitanisaidia nini?

Jibu: Swali hili ndilo zito kuliko yote, wala sitalipaka asali. Ukisema peke yako, huenda ukaitwa mkaidi. Lakini mafundi wote kumi wa jengo moja wakisema neno moja, kwamba chumba hiki chataka tyubu mbili na ukuta huu haujakauka, kontrakta hana mwingine wa kumwita asiyejua hesabu hiyo. Ndiyo sababu nimewapa hesabu leo. Kila mmoja akamfundishe mwenzake ambaye hakufika hapa, hata asiye mwanachama. Ujuzi ukikaa kwa mtu mmoja humletea maneno, lakini ukikaa kwa wote huleta bei ya haki.

Bunduki ya gundi na tyubu za mfano nimeziacha pale mezani pamoja na vipande vya ubao. Atakaye kujaribu na aje, ila madirisha yafunguliwe kwanza.